Jina Analoniita Anke

Jumatatu, 5 Januari
Zamu ya ghala la Jebel Ali, huku ughaibuni, imekwisha. Nimevua sare ya ulinzi, nimevaa raba, moja kwa moja uwanjani. Wiki ya pili sasa namvutia kasi Anke, mwanariadha Mjerumani. Natangulia, ananifuata, mzunguko wa mwisho natoka, anamaliza peke yake. Mita elfu moja mia tano. Watalii wa Kijerumani wamejaa kwenye uzio. Wanampenda mpaka wanalia. Kwao ana medali, sura yake imebandikwa kwenye mabasi. Aliumia, akapotea misimu miwili, na bado wanamngoja. Akirudia hali yake, atanichukua Ujerumani. Naitaka safari hiyo kuliko chakula. Nimechoka kulinda makontena.

Jumatano, 7 Januari
Ananiita Kibet. Nimemwambia mimi ni Amos. Akacheka vizuri tu. Kwenye kona akaita tena, "Kibet!" Sikuitika. Pumzi ikamkatika, akasimama. Kocha akaninunia mimi!

Alhamisi, 8 Januari
Kiptoo, mwenzangu wa chumba hapa Discovery Gardens, alimjua Kibet. Ndiye aliyemvutia Anke kasi miaka yote ya medali. Alizikwa mwaka juzi.
"Buda, hiyo jina achana nayo," Kiptoo akasema. "Hata kama ni Germany."
Nikamwambia aache ushamba. Moyoni sikupenda.

Ijumaa, 9 Januari
Upepo wa mchanga. Kwenye kona Anke akaita, "Kibet!" Nikapiga chafya.

Ni mchanga tu. Kwetu mtoto akizaliwa, wazee huita majina ya marehemu, moja moja. Jina atakalolipigia chafya, mwenyewe ndiye aliyerudi. Lakini mimi si mtoto. Na Kibet si wa ukoo wetu.

Ni mchanga.

Anke hajakimbia vile tangu aumie. Uzioni waliimba. Sikumbuki nilivyotoka uwanjani.

Jumatatu, 12 Januari
Miguu inajua. Kabla Anke hajataka kuongeza, nimeshaongeza. Leo bibi mmoja wa Kijerumani alinipa picha ya zamani nitie sahihi: Anke, na mbele yake kijana mwembamba. Nikatia, mkono haukusita. Ile si sahihi yangu. Bibi akatoa picha nyingine iliyotiwa sahihi zamani, akazilinganisha, akaanza kulia.

Naogopa. Naandika wazi, naogopa.

Jumanne, 13 Januari
Nimeenda kumwambia kocha naacha. Safari na ipotee, sitaki kufa nikiwa hai. Nilipofungua kinywa, nikajisikia nikiuliza goti la kushoto la Anke linaendeleaje. Hakuna aliyewahi kuniambia ni goti. Kocha akabadilika rangi. Kisha akanishika bega, taratibu, kama mtu aliyempokea mgeni wake wa siku nyingi.

Ijumaa, 16 Januari
Mapumziko. Anke amesema safari ni hakika. Kiptoo amehamia Al Quoz, hakuniaga. Chumba kimetulia. Nimefua soksi, nimeanika dirishani.

Jioni mama mmoja alipiga simu kutoka Kenya. Ana sauti nzuri. Aliita Amos, akaita tena. Nikashika simu kimya, nikingoja Amos amwitikie.