Wageni kutoka Durban

Jumatatu, 29 Novemba 2021

Wanakuja! Mzee Nehemiah, mkubwa wetu sisi waongoza watalii wa msituni, amenipigia simu nikiwa shambani na jembe mkononi. Mume na mke, walimu wastaafu kutoka Durban. Wanataka kuona ndege, siku tatu nzima — na wamepewa mimi! Tangu corona iingie, Machi mwaka jana, sijaongoza mtu hapa Isecheno. Nimepalilia mahindi ya watu, nimekaanga mandazi. Leo nimeruka kwa furaha mpaka jembe likaniponyoka. Jioni nimetoa darubini sandukuni. Lenzi moja ina ukungu. Si neno!

Jumatano, 1 Desemba

Redio imeharibu mambo. Kirusi kipya, Omikroni, kimeonekana huko kusini, kwao wageni. Mama Bravin, mwenye ploti ninapopanga chumba, ameningoja mlangoni. Eti hao watu wangu ndio wanaokileta. Nikiwashika mkono nisirudi kwake. Nikamwambia wamechanjwa, na watapimwa kabla ya kupanda ndege. Akasema karatasi haikohoi. Haikohoi!

Wandera wa bodaboda naye: "Corona iliisha kitambo, dada. Mimi maski sivaangi."

Nikamuuliza: basi utawabeba wageni wangu?

"Hao? Zii! Hao wako na ile mpya."

Siwajali. Nimekariri majina ya ndege mpaka ulimi umechoka.

Jumamosi, 4 Desemba

Navakholo, mazishi ya mjomba. Watu kama mia tatu chini ya hema. Maski mbili tu — yangu, na ya kasisi, kidevuni. Yangu nikaivua wakati wa nyimbo. Nani ataimba amefungwa mdomo? Tumekumbatiana, tumelia, tumekula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, kwa sinia moja. Mama Bravin alikuwepo, kwao ni huko. Tulibanana benchi moja, binamu yangu Naliaka akikohoa nyuma yetu. Mama Bravin hakugeuka hata mara moja. Ni vumbi, akasema.

Nami nikasema ni vumbi.

Jumanne, 7 Desemba

Wamefika! Mama Thandeka ni mrefu, na sauti yake bado ni ya darasani. Mumewe, Mzee Vusi, mwembamba, macho ya mtoto. Walisimama mbali, maski zimebana, wakanipungia mkono. Mama akaomba radhi — wanajua watu wanawaogopa. Hotelini mhudumu aliacha chakula sakafuni, akakimbia. Niliona aibu mimi! Halafu Mama akapunguza sauti: mzee ana pafu moja tu. Hii ndiyo safari yake ya kwanza tangu operesheni.

Mzee mwenyewe hataki habari za mapafu. Anauliza yule ndege, shorobo mkubwa wa buluu, anakula kwenye mti gani. Naujua ule mti! Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Moyo unapiga ngoma ya isukuti.

Jumatano, 8 Desemba

Koo linawaka. Nilipoamka nilidhani ni furaha. Halafu kikohozi — kikavu, mara tatu.

Nikampigia Naliaka. Bado yuko kitandani. Omena, dagaa wetu, inakaangwa kando yake, hasikii harufu.

Mzee Nehemiah: "Hiyo ni baridi ya msitu. Kunywa ndimu, vaa maski, nyamaza. Tumengoja miaka miwili, Maximilla!"

Na mimi je, sijangoja? Zahanati ya kupimwa inafunguliwa saa mbili. Wageni walikuwa langoni tayari, Mzee Vusi na buti mpya, darubini kifuani.

Nikasimama hatua kumi mbali nao. Nikapaza sauti: nakohoa! Nilikuwa mazishini. Msinikaribie.

Mzee Nehemiah alishika kichwa. Mama Thandeka alimtazama mumewe, akanitazama mimi.

Sasa naandika nimekaa juu ya jiwe. Mama Thandeka ameweka chupa ya chai njiani, katikati yetu, akarudi nyuma. Anauliza kama nina mtu wa kunitunza. Nimefikiria ploti, na Mama Bravin akiningoja mlangoni.

Mzee Vusi ameingia garini, amepandisha kioo. Gari halijawashwa. Msituni ndege wameanza, wote kwa pamoja, kelele tupu! — na mzee anashusha kioo, kidogo tu, asikie.