Nilimwambia Napima Ardhi

Karatu, Jumanne

Neno moja tu, kupima, limeniharibia siku.

Nilikuwa Ganako shambani kwa Mama Paskali, na mashine yangu ya kupima mvutano wa dunia. Akauliza nafanya nini. Nikajibu kama mjinga: "Napima ardhi, mama." Jembe likamtoka mkononi. Huku anayepima ardhi huja na vigingi, kisha watu huhama.

Nikajieleza. Kwamba mwamba wa moto huko chini ni mwepesi, unapanda na kusambaa pande mbili, kama chini ya bahari pale sakafu yake inapopasuka, ndiyo maana mvutano hapa unapungua kidogo. Bonde letu nalo linapanuka, polepole kuliko kucha zinavyoota.

"Kumbe ardhi yenyewe inahama," akasema. "Na hizo namba zako anazisoma nani?"

Sijawahi kuwauliza walionituma.

Namba za leo ziko sawa, nimezikagua mara mbili, lakini situlii. Kabla ya kuondoka nilichora alama kwenye jiwe lake, ili kesho nisimame palepale. Ndiyo kwanza nakumbuka nilichora nini.

X nyekundu. Ileile inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa.