Kina Mama Wanaomwombea Rehema

Baba Neema mpenzi,

Huku Tukuyu mvua haijakatika tangu nifike, na ndizi wanazopika kwa maziwa zimeninenepesha. Jana kina mama wa kanisa moja la Ikuti walinialika kwenye maombi. Waliwaombea wagonjwa, kisha wakamwombea Rehema aliyetoroka kwao. Nilishtuka: ni Rehema wa kijitabu changu cha hadithi, ambacho kumbe wamekisoma, yule niliyekuambia sitaki tena kumwandika, ukanikatalia. Nikawaeleza kwamba nilimtunga tu.

"Tunajua, mwanangu," bibi mmoja akanijibu. "Lakini si bado hajarudi nyumbani?"

Leo nimeingia dukani, nikanunua madaftari matatu ya kuendeleza hadithi yake. Mimi mwenyewe natamani kujua atarudi kwa njia gani.

Wabusu watoto, na jioni mkisali msimsahau Rehema.

Mama Neema