Shati la Efraín

Jumamosi, 16 Desemba 2023

Novena imeanza. Kila jioni mpaka Krismasi tunasali nyumba kwa nyumba, kisha watoto wanapewa maandazi ya asali. Leo ilikuwa zamu yetu. Nilitaka tuiruke mwaka huu — nguvu sina. Mama mkwe, Mama Hortensia, akakataa katakata. Eti mwanawe asingekubali.

Asingekubali! Anamsema kama marehemu. Efraín mume wangu hajafa. Hajapiga simu tu, tangu Agosti, tangu ile siku aliposema kesho tunaingia jangwani, tuvuke mpaka kutafuta kazi ng'ambo. Maandazi yameungua. Watoto wameyala hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Desemba

Maandamano ya Mtoto Yesu. Mwanangu Braulio alikuwa mchungaji, masharubu ya mkaa. Nube, binti yangu, malaika, juu ya farasi aliyefungwa mikate, matunda na kuku mzima wa kuchoma. Kamba ya farasi hushikwa na Efraín kila mwaka. Leo nimeishika mimi. Farasi mwenyewe mkaidi, kanikanyaga mguu.

Kanisani padri aliuliza jina la Efraín alisome wapi, kwa walio hai au kwa marehemu. Mama mkwe akawahi: marehemu. Nikasema walio hai, kwa sauti, watu wakageuka. Padri wa watu hakulisoma kabisa.

Tumekula Krismasi hatusemezani.

Alhamisi, 28 Desemba

Sijui niandikeje.

Leo siku ya kudanganyana. Unamdanganya mtu, akiamini unamcheka, na hana ruhusa ya kukasirika. Braulio alimpa dada yake andazi lililojaa pamba. Tulicheka! Hata mimi. Basi Nube naye akatafuta wa kumdanganya. Ana miaka saba. Akatoka mbio mpaka kwa bibi yake, bondeni: Bibi, njoo, baba yuko kwenye simu!

Mama Hortensia alipanda kilima peku. Yeye na magoti yale. Kafika hana pumzi, kanyoosha mkono apewe simu. Nube akapiga makofi, akamwambia ameingia mtegoni.

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliketi chini palepale uani, akaninong'oneza: "Nimeamini, mwanangu. Na ni mimi niliyemwambia padri marehemu."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika.

Jumamosi, 30 Desemba

Mama mkwe kaja asubuhi kuwasaidia watoto kutengeneza Mzee Mwaka, sanamu la mwaka unaokwisha. Nikafurahi, nikajua yamekwisha. Nikaenda zangu sokoni.

Narudi — sanamu limekaa kwenye kiti mlangoni, limeshindiliwa vumbi la mbao na fataki, kinyago usoni. Na limevaa shati la Efraín. Lile la miraba ya buluu, la harusi ya dada yake. Kila mtu humvika Mzee wake nguo kuukuu za nyumbani, najua. Lakini si hilo! Na kesho linachomwa. Kinachochomwa na mwaka hakirudi, hata watoto wanajua.

Nilimfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hajui kaburi la mwanawe liko wapi, na hatalijua. Basi achome hata shati. Kila usiku anamsikia mwanawe anatembea, anataka apumzike.

Nimekwenda kumenya viazi.

Jumapili, 31 Desemba

Mtaa mzima umetoa masanamu yao nje. "Wajane" nao wako barabarani tangu mchana, wanaume wenye magauni meusi, wanaomboleza mwaka wapewe senti. Jirani Lizardo kaja kwetu na wigi na matiti ya maputo. "Mume wangu eee, umeniacha na nani!" Akaliona shati. Akavua wigi, akaniamkia kama tuko msibani, akaenda zake.

Tusipolichoma sanamu, mwaka huu haututoki nyumbani. Braulio kasema hivyo, na kweli sitaki hata siku moja zaidi ya mwaka huu. Nube kauliza tu: "Baba akirudi atavaa nini?"

Nikasema basi, lichomwe, lakini tumbo wazi. Nikaenda kulivua. Halivuliki! Mama mkwe amelishonea kwenye mwili wote, kola, vifungo, mikono, kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ile yake ya kudarizi. Nimechukua wembe. Mkono mmoja umetoka, vumbi linamwagika kwenye sketi yangu. Wa pili umenishinda, nimeketi kwenye ngazi niandike kidogo nitulie.

Giza linaingia. Majirani wameanza kuita kutoka njia panda, tulete sanamu letu. Mama Hortensia katoka ndani na kiberiti mfukoni. Kapiga magoti upande wa pili wa sanamu, kauangalia ule mkono uliofumuliwa, kaupapasa. Halafu kaninyooshea kiganja.

"Lete wembe."

Sijui anataka kunisaidia au kuninyang'anya. Macho mekundu, hayasemi. Wembe uko hapa, juu ya daftari. Nube ananitazama mimi, anamtazama bibi yake.