Bolti Niliyoikaza, Papa

Papa, baba yangu uliyetutoka,

Leo nimewafundisha wanafunzi wangu mashine za kuvuna zinazojirekebisha zenyewe. Nimechora ubaoni vile vyuma vinavyopapasa ardhi chini ya visu: vikigusa jiwe, mafuta yanasukuma, visu vinapanda bila dereva kushika kitu. Wewe hukuhitaji mchoro. Uliendesha mashine kama hiyo miaka mingi katika shamba la ngano la patron, bosi wako, huko juu kwenye mawe ya volkano.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho? Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja shule ya ufundi Bukavu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Niliona visu vinapita juu mno, ngano nyingi inabaki nyuma yako. Nikasoma kitabu cha mashine, cha Kifaransa, kisha asubuhi kabla hujafika nikakaza bolti moja. Nilitaka kukufurahisha, basi.

Siku hiyo mashine ililinyoa shamba. Mawe iliyakwepa, masuke haikubakiza. Patron alikuja, akashika kiuno, akakuita raia, kama ilivyokuwa enzi hizo: "Citoyen, kumbe inaweza kukata chini! Kuanzia leo ikate hivi."

Wamama wa kilimani walikuja na mabeseni, kama kila mavuno, kuokota kinachobaki nyuma ya mashine. Kila mwaka watoto wao walikula hicho kwa miezi kadhaa. Wakatembea shamba zima. Mmoja wao, Mama Feza, alirudi na beseni tupu kichwani, akakusalimu vizuri tu. "Muzee, leo hakuna kitu?"

Jioni uliniambia maneno machache: "Ulisoma kitabu. Haukuuliza ni nani anakulaka nyuma ya mashini." Niliona haya, halafu nikakasirika. Kesho yake alfajiri nikapanda meli kurudi Bukavu.

Barua yako ilisema umeacha kazi, mgongo unakuuma. Nikaamini. Ulitengeneza baiskeli za watu mbele ya nyumba yetu mtaani Majengo hadi mwisho, na kila nilipokuja nilikuuliza habari za mgongo. "Unapona," ulijibu.

Kwenye kilio chako ndipo Mama Feza aliponieleza. Siku ile niliyosafiri uliilegeza bolti, patron akiwa amesimama palepale. Alipouliza ni nani aliyeikaza jana yake, ukasema ni wewe, ulikosea, na hutaikaza tena. Akakufukuza mbele ya wamama wote. Mimi hukunitaja, wala kwake wala kwa mtu mwingine.

Wamama hao walikuwa wameshuka kwa miguu kutoka kilimani, kila mmoja na beseni la ngano, ili waombolezaji wako wale. Niliyapokea mabeseni mlangoni, moja moja, nikashindwa kumtazama hata mmoja usoni. Nilikuwa sijalia tangu ufe. Pale nililia.

Pumzika, Papa. Mgongo wako haukuwa na kitu.

Ni mimi, mtoto wako aliyesoma kitabu.