Aliyedondoka Kwanza

3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mimi mzima, ila viganja vimejaa malengelenge.

Najua habari za dansi ya nguzo hupendi kuzisikia, lakini sina mwingine wa kumlilia. Wanawake wanakuja darasani wakitaka kuzunguka nguzo na kuning'inia kichwa chini siku hiyohiyo. Nikisema tuanze kwa kuimarisha mikono na tumbo, nikawahesabia moja, mbili, tatu, wananuna. Walianza kumi na wanne, leo wamebaki saba. Mwenye ukumbi kanipa mpaka tarehe ishirini na tano Aprili: nimwonyeshe wanafunzi sita wanaoweza kupanda nguzo hadi juu na kushuka bila kuumia, la sivyo ukumbi anawapa watu wa karate. Hapo sitakuwa na ujanja, nitarudi nyumbani kushika ile nafasi uliyoniombea shuleni kwako.

Wewe umefundisha chekechea miaka thelathini. Unamfanyaje mtoto apende asichokitaka?

Kitindamimba wako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka salama, magoti yamechelewa kidogo kuamka.

Hilo dansi lako bado halijanishuka kooni. Ila somo lililodorora silivumilii, hata liwe la nini. Kumbe unasimama mbele unahesabu moja, mbili, tatu, halafu unashangaa wanakukimbia? Hata mimi ningekukimbia. Mtoto ukimwambia anyanyue mikono mara ishirini, atakwambia tumbo linauma. Mwambie aanike nguo kwenye kamba ya juu, atamaliza beseni zima. Wape kazi, usiwape hesabu. Mmoja akae juu ya shuka, mwenzake amburute ukumbi mzima. Wakiwa wamening'inia, wapitishiane mpira kwa miguu. Na wachekane, ruksa.

Mwalimu mkuu ameahidi kukushikia nafasi mpaka mwisho wa Aprili. Chumba chako nimekipaka rangi.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na kazi. Huku afya njema, mbavu tu zinauma kwa kucheka.

Mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa lori, alimburuta mwenzake mkunga kwenye shuka mpaka shuka ikachanika. Wawili waliotoroka wamesikia kelele, wamerudi, sasa wako tisa. Nikaongeza mchezo wangu mwenyewe: wote wanashika nguzo na kuning'inia, anayedondoka anatoka, anayebaki wa mwisho ndiye bingwa. Wanaupenda kufa.

Ila kuna jambo linanikosesha usingizi. Watatu wamepata nguvu, wanapanda vizuri. Karani, mkunga, fundi cherehani na wenzao wako palepale walipokuwa mwezi uliopita. Wanacheka, wanafurahi, mikono haina kitu. Nakosea wapi? Nijibu upesi, zimebaki wiki saba.

Kitindamimba wako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. U salama kweli? Kaka anasema unakwenda kazini kama kawaida. Kama nimekuudhi, nigombeze, nimezoea. Kimya chako ndicho nisichokizoea.

Kitindamimba

1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili wangu mzima, usiwe na wasiwasi.

Barua yako ya tarehe tisa niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, na kosa lako nililiona papo hapo. Nikaikunja, nikaificha kabatini. Nilijua nikinyamaza utashindwa, na ukishindwa utarudi. Wiki hizi zote nimewafundisha watoto wa watu, wangu nimemnyima. Nimeona haya hata kushika kalamu. Nisamehe.

Kosa ni hili. Anayedondoka unamtoa. Sasa anayedondoka mapema ni nani kama si mnyonge? Anakwenda kukaa kwenye benchi, anatazama wenye nguvu wakiongeza nguvu. Darasani kwangu hatoki mtu. Aliyedondoka kwanza ndiye anayechagua mchezo unaofuata, na ndiye anayeuanza. Jaribu kesho, usingoje.

Mama yako

27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai mwili na moyo vyote vimetulia.

Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili barua yako sikutaka hata kuiona. Siku ya tatu nilikuwa na darasa, nikaitumia sheria yako. Karani, aliyekuwa wa kwanza kutoka kila siku, akageuka bosi wetu. Anachagua michezo migumu makusudi, kisha inambidi aianze mwenyewe. Wiki ya tatu nilimkuta anapanda.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Dereva wa lori, karani, mkunga na wengine wawili walipanda wakashuka salama. Wa sita alikuwa fundi cherehani. Alifika katikati, mikono ikakataa, akateleza mpaka chini. Mwenye ukumbi akaanza kufunga daftari. Karani akamwambia, "Subiri, baba. Kwetu hapa aliyedondoka ndiye anayechagua." Fundi cherehani akafuta viganja kwenye suruali, akasema amechagua kupanda tena. Safari hii alikwenda polepole mpaka akagusa dari.

Tumepewa ukumbi. Kwa hiyo sirudi, Mama. Nimeiandika mara tatu sentensi hiyo. Nimekusamehe zamani, maana ungeweza kunyamaza mpaka mwisho na nisingejua kamwe.

Kitindamimba wako

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima, chai ipo, nyumba imepoa tu.

Jumatatu nafasi yako imechukuliwa na binti mmoja mpole. Nimemwonyesha kabati la vitabu na pa kutundika mkoba, kisha nikaingia stoo ya vifaa nikalia kidogo. Nilikutaka hapa, siwezi kusema uongo. Lakini barua yako nimewasomea walimu wote ofisini, na nilipofika kwa fundi cherehani, mwalimu mkuu alisimama kwenye kiti.

Likizo ya Juni nakuja. Usinitafutie kiti. Nataka kuona unavyofundisha, na nikikuta mtu amekaa kwenye benchi, nitamnyanyua mwenyewe.

Mama yako