Aliyeng'oa Kwanza

4 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti linakuruhusu kulala. Mimi ni mzima, ila swali lako halinipi raha: kati ya shamba lako na la mama mdogo, ugonjwa wa nyanya ulianzia wapi? Kila nikidhani nimelishika, linaniponyoka.

Majani uliyonitumia tumeyapima hapa maabara. Yana kirusi kinachokunja majani. Kirusi hakitembei, hubebwa na wale inzi weupe unaowaita unga unaoruka. Inzi akinyonya utomvu wa mche mgonjwa hukibeba mwilini, kisha huuachia mche mwingine anapounyonya. Nao mche ulioambukizwa waweza kukaa wiki mbili au tatu ukiwa kijani, unakuchekea. Kwa hiyo uliotangulia kuonyesha njano si lazima uwe uliotangulia kuugua. Nina hakika ya jambo moja tu: mche huo hauponi. Ung'oe.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu msomi,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Wewe unakula? Maana nimekuuliza ni nani, umenijibu ni inzi!

Kung'oa siwezi. Mama mdogo wako kasimama ng'ambo ya mfereji anawatangazia wapita njia: "Aliyekosa ndiye atakayeng'oa kwanza!" Sasa niking'oa si nimekiri? Nimepiga dawa, nangoja zipone. Na yeye asijifanye malaika, safu yake ya pembeni imeshakunja ngumi, anaificha kwa magunia. Nyingine ndiyo kwanza zinatoa maua. Namhurumia, ni shamba lake la kwanza tangu afiwe na mumewe. Lakini mdomo wake!

Niandikie mstari mmoja tu, kwamba umetoka kwake. Nitang'oa siku hiyohiyo.

Mama yako

16 Mei

Mama,

Shikamoo tena. Ninakula, usihofu.

Neno "dawa" limetuponza. Hii haiponyi nyanya. Huua inzi tu. Mche uliopulizwa unabaki mgonjwa, ukimsubiri inzi mwingine aje kunywa na kuvuka mfereji.

Mstari unaoutaka niliuandika, nikaufuta. Huenda ungeokoa maua ya mama mdogo, na huenda ninakosea kukunyima. Lakini ningekuwa nimemhukumu mtu kwa jambo nisilolijua. Nakusihi, piga dawa, inzi wakishakufa ung'oe, tia kwenye gunia ufunge, kisha uchome. Kila siku mnayoviziana, inzi hawawangoji.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Najua umeona kimya. Nilikuwa nimekununia.

Nimeng'oa. Safu zote za juu, nimebakiza za kule chini tu. Mama mdogo wako akaja mbio na kanga begani: "Haya! Umekiri!" Watu wamejaa. Nikavuka mfereji na gunia langu. Nikamwambia, "Ndiyo, mdogo wangu, nimekosa. Sasa nipishe ning'oe na hizi nilizokuambukiza, nilipe kosa langu lote."

Ushindi ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akafunua magunia mwenyewe. Tuling'oa safu ile ya pembeni pamoja, tukachoma, yeye akinisimanga hadi mche wa mwisho. Maua yake mpaka leo ni mazima. Na jana kanikanda goti, huku akinisema.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ule mfereji ulivyouvuka. Nilicheka peke yangu.

Mama mdogo ameniandikia. Anauliza, kwa herufi ndogo zisizofanana na sauti yake: "Ni kweli ulianzia kwa dada?"

Sina jibu. Miche imekwisha kuchomwa, inzi walivuka pande zote mbili, na mche huugua kabla haujasema. Nikimwambia sijui, nitakunyang'anya kosa ulilojitwika kwa hiari, na sijui ni kiasi gani cha amani yenu kimesimama juu yake. Nikinyamaza, uongo utaota mizizi kwa idhini yangu. Nilidhani elimu ingeniambia lipi kati ya haya lina heshima zaidi. Haijaniambia.

Sijamjibu.

Mwanao